Amplifaya Iliyoponywa kwa Nguvu

Juzi nilikuwa kwa fundi redio Mabibo nikisubiri zamu ya pasi yangu, akaingia braza mmoja kuchukua amplifaya yake ya gitaa. Alikuwa ameileta ibadilishwe waya wa umeme tu.

Fundi akaipangusa kwa kiganja, anatabasamu. "Ilikuwa inakwaruza sana, braza. Nimeng'oa zile taa zake za kioo za kukuzia sauti, nikaweka saketi ya sabufa. Sikiliza!"

Braza akachomeka gitaa, akagonga uzi mmoja. Ukatoka mlio laini kama kengele ya mlangoni.

"Fundi, mie napiga roki ya grunge," akasema, akichomoa gitaa. "Ule mkwaruzo ndio nilioununua. Taa ziko wapi?"

"Nimempa jamaa wa vyuma chakavu. Kwani si imepona?"

Imepona! Nilitamani kumrushia pasi. Mji huu umejaa mabingwa wa kutibu wazima, hawaulizi wala hawasikilizi.

Pasi nimerudi nayo mbovu vilevile, na shati nililovaa leo lina makunyanzi. Atakayetaka kuninyooshea, aniulize kwanza kama nimemwomba.