Buick Nyeusi ya Mjane wa Flint

Shemeji yake Verna Stachowiak hakuwa mtu wa kusifu kahawa. Asubuhi hiyo Gene alikunywa vikombe viwili, akavisifu vyote, kisha akamwomba waende mji wa Flint. Verna akajua kuna jambo.

"Kuna mjane ana gari, Buick nyeusi, eti ni zile adimu za mwaka themanini na saba. Feki tupu! Ukilisema wewe neno hilo, shemeji, ataniachia kwa bei ya chuma chakavu."

"Umeiona?"

"Sijawahi kukanyaga kwake."

Mwaka ule Verna alikuwa fundi katika karakana ya Livonia ambako Buick hizo zilimaliziwa: tabo kubwa zaidi ya kuipa injini nguvu, madigadi yaliyopanuliwa, kibao cha namba kwenye dashibodi. Zilitoka mia tano arobaini na saba, basi. Sasa moja ilitosha kununua nyumba, na walaghai walizivisha Buick za kawaida mavazi yake. Verna, aliyefunga madigadi yale kwa mikono yake, alikwisha kuwaliza wanaume wazima kwa kuwaambia wameuziwa feki.

Huko Flint mlango ulifunguliwa na mjane mwenyewe, Odessa Broadnax, kavaa koti la kanisani. Jibwa lake lilimngurumia Verna, kisha likamwendea Gene likitikisa mkia na kumnusanusa mfuko wa koti. Verna aliliona hilo.

"Mtatazama kwa macho," Odessa alisema alipofungua banda. "Mkono ukitaka kugusa, uniombe kwanza. Lucius wangu aliinunua mpya. Kanisani Pasaka, basi, inarudi kulala."

Verna hakumwamini naye. Alishasikia hadithi nyingi tamu za marehemu, maana marehemu haulizwi.

"Hakuna kibao!" Gene alipaza sauti kutoka mlangoni. "Feki. Twende zetu."

Verna aligeuka polepole. "Dashibodi umeionaje kutoka huko? Hata mlango wa gari sijafungua."

"Nina macho mazuri."

"Tangu lini? Juzi ulimpungia mkono mti wangu."

Aliomba ruhusa, akatandika boksi, akajilaza ubavu na kupitisha vidole ndani ya madigadi ya nyuma. Wanaoiga husawazisha gundi ya kuyabandika kwa kisu. Verna na wenzake wa Livonia waliisawazisha kwa dole gumba, harakaharaka, gari jingine likisubiri. Vidole vyake vikakuta mifereji midogo ya dole gumba, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, kibao kilikuwepo?"

"Mpaka Jumanne. Nilikuwa kanisani. Binti yangu alimfungulia bwana mmoja, eti mpiga picha wa bima. Mtu mwema, akasema, hata mbwa alimpa soseji."

Verna akainuka, akajifuta magoti. "Gene. Kitoe."

"Nitoe nini, shemeji?"

"Usinifanye mtoto. Kaka yako, mume wangu, angekuwa hai ungemwangalia usoni?"

Gene alitazama jibwa, akatazama barabara. Mwishowe akatoa kibao kutoka mfuko wa ndani, akakiweka juu ya boneti. "Nilikiokota tu chini."

"Toa gari lako mbele ya nyumba yangu," Odessa alisema, bila kupandisha sauti.

Gene alipokwisha kuondoka, Verna akamwambia mjane kuwa gari ni halisi, asiliuze kwa haraka. Odessa alikunja mikono.

"Na wewe? Mmekuja gari moja. Nitajuaje kama hamkupanga wawili, mmoja mwizi, mmoja mwema?"

Verna aliokota boksi lake. "Huwezi kujua. Usiniamini. Tafuta mafundi wengine wawili, mimi nisiwajue, waikague."

Alirudi Livonia kwa basi, magoti yakimuuma.

Wiki tatu baadaye Odessa alipiga simu. Mafundi wote wawili wamesema ni ya kweli. Hauzi, angalau mpaka Pasaka. Hakusema asante. Aliuliza tu, "Yule shemeji yako, anaijua njia ya huku usiku?"

"Badilisha kufuli," Verna alisema.

Sikukuu ya Shukrani, siku ya familia kula pamoja, ilipofika, Verna alipika bata mzinga mdogo. Gene aligonga mlango akiwa na pai ya maboga mkononi. Verna alimtazama kupitia kioo, akaipokea pai, akafunga mlango.

Hakuila.