Amina ya Mtu wa Tano

Mimi nafundisha jiolojia, na wenzangu chuoni watakwambia nina mdomo. Sikatai. Mdomo huu ndio uliomponza dada mmoja ambaye hakuwahi kunikosea, kwa hiyo habari zake nitazisema mwenyewe.

Alifundisha hisabati miaka ishirini na sita. Wanafunzi walimwita Mama Kipeo, maana hata kugomba kwake kulikuwa kwa hesabu: huyu mvivu kipeo cha pili, yule mvivu kipeo cha tatu. Mumewe alifariki mapema, binti yake akaolewa mbali. Alibaki na ubao na chaki, na mtu akimwonea huruma alimkata jicho.

Jicho lenyewe ndilo lililoanza kumsaliti. Presha ya macho ilimla taratibu kutoka pembeni, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Akajua kujificha. Kutoka mlangoni hadi ubaoni ni hatua kumi na moja, alizihesabu. Akiandika, kidole cha mkono wa kushoto kilishika mwanzo wa mstari ili mstari wa pili usiupande wa kwanza. Darasa zima halikushtuka.

Sisi tulijua kwa sababu alituambia. Kila Jumatano saa ya chakula tulikutana kusali kwenye stoo yangu ya mawe, wahadhiri watatu na mkutubi: yeye, mimi, mwalimu wa sheria, na mama wa maktaba anayekaribia kustaafu. Hatukuwa na kinanda wala mhubiri. Tulikalia masanduku ya sampuli, tukasoma kidogo, kila mtu akatua mzigo wake. Siku hiyo alitua wake. Alikuwa na darasa la mwaka wa mwisho alilolilea tangu mwaka wa kwanza, na alitaka kulifikisha kwenye mtihani. Ilibaki miezi mitatu. Akatuomba tumtunzie siri hadi hapo, basi.

Wiki ya tatu zamu ya kuomba ikawa yangu. Nami nikipewa nafasi ya kuomba, jamani, sijui kushuka. Nilifumba macho nikapanda. Nikamwombea dada yetu kwa kinaganaga: macho yanayozimika, hatua kumi na moja, kidole ubaoni, daktari aliyesema hayarudi. Nikafunga, wenzangu wakasema amina. Nikahesabu sauti. Zilipaswa kuwa tatu, zikawa nne.

Mkuu wa idara ya hisabati alikuwa amesimama kando ya mlango, kofia mkononi. Alisikia tunasali, akaingia kwa kunyata asitukatize. Ni mtu mwema yule, na amina yake ilitoka moyoni. Lakini aliyoyasikia hakuweza kujifanya hakuyasikia. Baada ya siku mbili barua ikatoka: dada aache kufundisha, aende kupimwa. Mkuu hakurudi tena kusali. Tukikutana koridoni ananisalimia akiangalia viatu vyangu.

Nilikwenda nyumbani kwa dada kuomba radhi. Alinisikiliza akiwa ameshika kitasa, hakunikaribisha ndani.

"Kaka," akasema, "siku ile ulikuwa unamwambia Mungu, au ulikuwa unatuonyesha sisi unavyojua kuomba?"

Jibu nilikuwa nalo, nikaona aibu kulitamka. Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto, mtu mzima mwenye mvi.

Jumatano mbili tulikaa watatu, hatutazamani. Mwalimu wa sheria aliipekua ile barua neno kwa neno kutafuta upenyo, akatoka kapa. Jumatano ya tatu mama wa maktaba alikuja amemshika dada mkono, na mkono wa pili amebeba bahasha ya karatasi sabini na tatu. Lilikuwa jaribio ambalo darasa lake lililifanya kabla ya barua, na idara ilimruhusu alisahihishe.

Tukawa tunamsomea. Hesabu zenyewe hatuzijui.

"Hapa pana kidude kama ndoano," akasema mama wa maktaba.

Dada akacheka, mara ya kwanza tangu barua ile. Akauliza ndoano ina namba gani juu na gani chini, akapiga hesabu kichwani, akatoa alama. Karatasi hazikuwa na majina, lakini aliwatambua watu wake kwa makosa yao. Huyu ni yule wa dirishani, husahau alama ya kutoa. Huyu alikuwa haelewi kitu mwaka wa kwanza. Hebu rudia mstari wa mwisho. Nikaurudia. Akasema mpe alama zote.

Ilituchukua Jumatano tano. Mtihani wa mwisho darasa lilisimamiwa na mgeni. Saa ile ile sisi tulikuwa stoo, na kufikia hapo dada alikuwa haoni hata mwanga wa dirisha. Akasema niombe mimi. Nikakataa. Akasema tena, niombe mimi.

Nikaanza kwa maneno machache, macho yangu mlangoni. Mkono wake ukanitafuta, ukanipapasa bega, shavu, ukafika kwenye kope.

"Fumba, kaka," akasema. "Sina tena cha kuficha."

Nikafumba. Lakini maneno yalikuwa yamenikauka, na sala ile aliimaliza yeye.