Umri wa Baba

Baba alikata bima ya maisha miaka ile kampuni binafsi zilipoanza kuruhusiwa, na mawakala wakawa wanapanda hadi kwetu Masama na mikoba yao, wamevaa viatu visivyofaa kwa tope letu. Baba alikuwa dereva wa lori la kahawa. Alisema kihamba chetu, shamba la ukoo, kingetulisha ndizi daima, lakini ndizi hazisomeshi watoto. Wakala alipomuuliza alizaliwa lini, alitaja mwaka ulioandikwa kwenye karatasi zake za kazi. Hakuwa na mwingine.

Moyo ndio uliomwondoa, ghafla, akiwa anapogolea mibuni. Miezi kadhaa baadaye kampuni ilimwita mama Moshi mjini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikamsindikiza. Kijana wa idara ya madai, mwenye sauti ya upole, alisema cheti cha ubatizo tulichokiomba kanisani baada ya msiba tukawapelekea, kilionyesha kwamba marehemu alikuwa mkubwa kuliko alivyosema.

"Alitudanganya, mama. Mkataba umevunjika."

Tuliposhuka basi kituo cha Kwa Sadala, tukirudi nyumbani, ndipo mama aliponiambia, kwa Kichagga, kwamba bila zile pesa angeweza kuishi, lakini neno lile la kudanganya hakuliweza. Baba alikuwa mzee wa kanisa.

Bibi, mama yake baba, alikuwa bado hai. Alitueleza kwamba baba alipokwenda kuomba kazi, karani alimtazama kimo tu, akaandika mwaka alioona unamfaa. Tangu hapo mwaka huo ukawa wake.

Mchungaji wetu ndiye aliyetuambia kuna ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za bima, iko Dar es Salaam. Tukapanda basi. Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo. Alimwamkia mama shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Umri ukikosewa, mama, mkataba haufi," alisema. "Sheria inawataka wakokotoe upya: kwa michango aliyotoa, mtu wa umri wake halisi angestahili kiasi gani. Kitapungua, lakini watakulipa."

"Na hilo la kudanganya?"

"Hilo ni jambo jingine, na wangelazimika kulithibitisha. Mimi hapa sioni uongo. Naona mtu ambaye hakujua amezaliwa lini."

Mama alimwomba arudie. Akarudia, polepole, bila kuonyesha kuchoka.

Kampuni ililipa baada ya ofisi ile kuwaandikia. Kiasi kilipungua kweli, ila wadogo zangu walimaliza shule. Nimefikiri sana juu ya safari ile. Enzi zile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, kila mtu anauza, nasi tulijua kwamba mnunuzi anajitegemea. Sikujua kwamba kuna watu walikaa wakaandika sheria inayomfikiria mtu kama baba, aliyebatizwa akiwa ameshaanza kuchunga mbuzi, na ambaye mwaka wake wa kuzaliwa alipangiwa na mgeni.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kutoka Dar es Salaam, ibada ilipokwisha, watu walikusanyika nje kwa mnada wa sadaka za mazao. Mama alisimama kati ya kina mama wenzake, akawaeleza yote, hata maneno ya kijana wa madai ambayo alikuwa amewaficha.

"Hakudanganya," alisema. "Hakujua tu."

Mmoja wao akasema hata yeye hajui wake, wakacheka kidogo. Kisha mama akapandisha bei ya mkungu wa ndizi ambao hatukuuhitaji kabisa, akaushinda, nikajitwika kurudi nyumbani.