Fundi Zipora ashusha maandishi yake

Saa moja asubuhi ukungu haujaachia Makambako, na Zipora Mligo amepiga magoti mbele ya mlango wa choo cha shule. Asiyemjua atadhani anasali. Kumbe anapima kwa shubiri kutoka chini: moja, mbili, tatu, nne. Penseli inakoma usawa wa kifua cha mtoto wa darasa la pili.

"Hapa," anasema. "Zamani nilikuwa nawaandikia malaika."

Zipora, 44, ni fundi wa maandishi. Kwa miaka kumi na tisa ameandika majina ya maduka na malori ya mbao, na maringo anayo: herufi zenye kivuli, rangi inayong'aa, mkia wa herufi ya mwisho umejikunja. Ukiona bango limejipamba kama bibi harusi, ujue ni lake.

Mwaka juzi alipewa vibao vyote vya shule hii ya msingi. Akaviandika juu ya milango, nyeupe kwenye bluu ya mbingu. Wazazi wakapiga makofi.

Jenifer, mwanafunzi wa shule hiyo, hakuona kitu. Ana uoni hafifu. Herufi ndogo zenye kung'aa humyeyukia machoni. Siku moja akiwa darasa la pili aliingia choo cha wavulana, akachekwa wiki nzima. Akaacha kunywa uji ili asibanwe, kisha akagoma kwenda shule kabisa. Bibi yake, Emilia, mkulima wa viazi, akaamua bora akae nyumbani. Lakini kabla ya kumtoa, alimshika mkono wakaenda kibandani kwa fundi.

"Tukasalimiana kwa kamwene yetu ya huku, akakaa," Zipora anakumbuka. "Akasema, 'Mwanangu, vibao vyako ni vizuri, ila mjukuu wangu havioni. Njoo shuleni ujionee.' Nilinuna! Nikajibu, tatizo ni macho yake, siyo mkono wangu."

Hata hivyo mtu hakatai wito. Kesho yake akaenda shuleni, bibi akamleta Jenifer, na fundi akamwambia amwonyeshe anavyosoma mlango. Mtoto akausogelea mpaka pua ikagusa, akaanza kupapasa mbao tupu usawa wa kifua chake.

"Maandishi yangu yako juu huko yanameremeta, yeye anayatafuta chini," anasema Zipora. "Nililia mbele ya watoto wa watu."

Tangu hapo Jenifer ndiye mkaguzi, na hana huruma. Kivuli alikikataa mara ya kwanza tu: "Shangazi, hii herufi ina mwenzake nyuma, ananichanganya." Kikaondoka kivuli, ikafuata bluu, ukafuata mng'ao. Kilichobaki ni herufi nene nyeusi juu ya njano isiyong'aa, zimechongwa kwa mabaki ya mbao za paini ili vidole navyo visome. Mikia iliondoka mwisho, na Zipora anakiri ilimuuma.

Kila Jumamosi hubadilisha vibao bila malipo. Kumi na sita kati ya ishirini na tatu vimekamilika, na Jenifer, sasa darasa la tatu, amerudi. Jumatatu, wakati wa mapumziko, anatoka darasani kwenda chooni. Mwenzake anamshika mkono kumwongoza.

"Niache," anasema. "Napajua."

Zipora anataka kwenda pia kwenye shule za Igwachanya, lakini bila mkaguzi wake hagusi brashi. Amekwenda kumwombea ruhusa kwa bibi. Emilia amekubali, ila safari iwe ya likizo.

"Siku za shule," amesema, "mtoto simtoi."