Mafundo ya Nyumba ya Msonge

Nilipokuwa mtoto, kabla sijaanza shule, niliamini kwamba nyumba ya bibi ndiyo iliyomzuia mdogo wangu kuzaliwa.

Ilikuwa msonge, wa mwisho kubaki mlimani kwetu, juu ya kijiji cha Mkuyuni. Babu aliijenga alipooa: miti iliyosimamishwa mduara, fito zilizofungwa kwa kamba za magome, udongo mwekundu, na paa la nyasi lililoshuka chini hata mtu mzima akaingia ameinama. Masika yale maji yalikuwa yamechukua daraja, kwa hiyo uchungu ulipomshika mama, hatukuweza kumpeleka zahanati. Bibi akamhudumia ndani.

Toka alfajiri hadi adhuhuri mtoto hakuja. Ndipo bibi akatoa kichwa mlangoni.

"Fungueni kila kilichofungwa! Fundo likibaki hapa nyumbani, mtoto hapiti."

Babu akamfungua mbuzi. Mimi nikafumua nywele zangu, nikafungua mzigo wa kuni. Mama bado alilia. Nikazunguka nyuma, mahali udongo ulipobanduka ukutani, nikaona mafundo, safu kwa safu. Kumbe nyumba nzima ilikuwa imefungwa! Nikaanza kuyavuta kwa meno.

"Mke wangu," babu akasema nyuma yangu, "nyumba yangu imekukosea nini?"

"Bibi kasema kila kilichofungwa."

Nilingoja konzi. Babu akautazama ukuta, akanitazama mimi, kisha akachomoa kisu.

"Hayo meno utayahitaji. Wewe shika ufito, mimi nikate."

Tukakata. Bonge la udongo likaanguka kwa kishindo.

"Nini hicho?" mama akauliza ndani.

"Baba yako na mwanao," bibi akamjibu. "Wanabomoa ukuta, mtoto apite huko!"

Nikamsikia mama akicheka. Kicheko kikageuka yowe, halafu ikaja sauti nyingine, ndogo, yenye hasira. Babu akakaa chini kwenye tope.

Siku hizi naishi mjini, Mafiga, na mwanangu nimemzalia hospitali. Kama fundo linaweza kumzuia mtoto, sijui. Miaka yote nilidhani babu alikata zile kamba kwa kunihurumia mimi. Tangu nizae, naona jambo jingine: aliyekuwa akilia mle ndani alikuwa binti yake, na yeye babu, kule nje, mikono yake ilikosa la kufanya.