Vidole Viwili vya Maziwa

Nyumbani kwetu kikombe cha maziwa kilianzia kwa mdogo na kuishia kwa mkubwa. Hiyo ilikuwa kanuni ya mama. Mdogo hunywa kwanza, hubakiza, hufuta ukingo kwa kidole gumba, kisha humpa anayemfuata. Aliyemaliza aliitwa mlafi. Mama hakuwa na hotuba ndefu juu ya jambo hilo. Alisema tu, "Kuna mtu nyuma yako."

Wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe. Alipofariki, baba akiwa ametangulia, nafasi hiyo ikawa yangu. Nilikuwa kidato cha pili. Nilirudisha vitabu vya shule, nikawaambia shangazi zangu waliokuja kutugawana kwamba hatugawanywi, na sisi wanne tukabaki katika chumba kile kile mtaani Baba Dogo, Nairobi, nyuma ya viwanda, na kikombe kile kile cha bati. Mara nyingi kilinifikia kikiwa na unyevu tu. Sikuona ubaya. Mama naye kilimfikia hivyo hivyo.

Sasa mimi ni mpishi katika shule ya msingi anayosoma mdogo wetu wa mwisho. Jikoni tuko watano, na mwanamume ni mimi peke yangu. Mpishi mkuu, mama wa makamo kutoka Machakos, huniita bwana harusi wa sufuria, hasa wageni wakiwapo.

Mwaka jana wageni walikuwa watu wa maziwa. Chama chao, cha wafugaji na wenye viwanda, kilitaka maziwa yaandikwe katika sera ya chakula cha shule, yawe haki ya mtoto badala ya hisani ya mfadhili. Walihitaji shule chache za kujaribia, wapate cha kuionyesha kamati inayoandika sera hiyo. Mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa wazazi, nami nikakaa miongoni mwa wazazi.

Afisa wao, dada aliyekuja na viatu vyenye matope ya shamba, alieleza kwa utulivu. Mzee mmoja mwenye duka katika mtaa wa Lucky Summer akasimama na kuishika kofia yake.

"Mwanangu, mnawapenda watoto wetu, ama mnawatafutia ng'ombe wenu soko?"

Watu walicheka. Yule dada alingoja wamalize.

"Yote mawili, mzee. Mvua ikizidi, wakulima wetu humwaga maziwa, na huku kuna mtoto hajayaonja mwezi mzima. Sioni haya kuyataka yote mawili."

Mzee aliketi akisema kwamba angalau huyu hakuja na uongo. Waliosoma zamani wakaanza kukumbushana zile pakiti za maziwa zenye pembe tatu walizopewa shuleni, jinsi zilivyopasuka mifukoni, na mwishowe mikono ikanyooshwa kukubali.

Maziwa yalikuja siku tatu kwa wiki. Darasa lililopimwa lilikuwa gredi ya pili, darasa la mdogo wangu. Kila kilichobaki vikombeni kilimiminwa katika jagi lenye mistari ya vipimo, na afisa akaandika. Kazi ya kukusanya vikombe na kuviosha ilikuwa yangu.

Wiki ya kwanza jagi lilikuwa karibu kavu. Ya pili, maziwa yakaanza kurudi. Ya tatu jagi likakaribia kujaa. Mkuu wa yule afisa alikuja kutoka ofisini kwao, akalitazama jagi na kusema watoto hawa hawapendi maziwa matupu. Alitaka yatiwe sukari na ladha ya stroberi. Kama hata hivyo yangerudi, basi majaribio yahamishiwe shule nyingine, kwa sababu kamati haipelekewi jagi la mabaki. Mwalimu mkuu alimwomba angoje hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Nilisimama karibu nao na beseni la vikombe. Mdogo wangu alikuwa mwembamba kupita umri wake. Kliniki waliniambia nimpe maziwa kila ninapoweza, nami nikaitikia, kama mtu anavyoitikia jambo asiloliweza. Kikombe cha shule ndicho kilichokuwa jibu langu. Sasa kilikuwa kinaondoka.

Siku hiyo, nikiosha, ndipo nilipoviangalia vikombe vyenyewe. Mtoto asiyependa kitu huonja na kuacha, kila mmoja kwa kiasi chake. Hivi vyote vilikuwa na maziwa ya kimo kimoja, vidole viwili kutoka chini. Kimoja kilikuwa kimefutwa ukingo upande mmoja, upana wa kidole gumba. Nikashika cha pili. Kimefutwa. Cha tatu pia. Maji yalikuwa yakimwagika bure, na mpishi mkuu akaniuliza kama bomba ninalifungulia Mto Nairobi.

Jioni nilimuuliza mdogo wangu. Alijibu kwa fahari. Wenzake walikuwa wakinywa hadi tone la mwisho, bila aibu, naye akawafundisha.

"Niliwaambia kuna mtu nyuma yao."

"Nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Si wewe ndiye unayekusanya vikombe, kaka?"

Nilimwambia alale.

Kumweleza afisa halikuwa jambo jepesi. Tangu siku ile ya shangazi zangu, mambo ya chumba chetu nimeyafungia humo humo. Mtu wa ofisi akijua mnanywa kikombe kimoja, kesho atauliza nani amewaacha mjilee. Lakini nikinyamaza, maziwa yanakwenda. Asubuhi nilimkuta penye bomba, nikamweleza yote, kuanzia kwa mama.

"Kwa hiyo hawayachukii," akasema.

"Kwetu mtu hambakizii mwenzake kitu kibaya."

Aliomba kuniandika katika ripoti yake, na kama ningekubali, anipeleke na mtoto mbele ya kamati, pamoja na picha. Picha nilikataa. Mtoto nilikataa. Nilimruhusu aandike kwamba ni nyumba ya mpishi mmoja, basi. Alirudisha simu mkobani bila kunibembeleza, na kwa hilo nilimheshimu. Aliandika kweli. Ninapoandika haya sera bado inajadiliwa, na sijui wataamua nini.

Mimi nilikuwa na kazi ndogo zaidi, nayo ikanishinda. Nilimwambia mdogo wangu kwamba shuleni amalize kikombe. Akaitikia. Jumatatu alibakiza. Jumatano akabakiza, na benchi zima likamfuata. Hakuwa mkaidi. Tangu azaliwe hakuwahi kuniona nikinywa kikombe kizima, na neno langu lingeshindanaje na hilo?

Ijumaa mpishi mkuu, niliyekuwa nimemweleza, alinijazia kikombe mpaka juu.

"Nenda ukanywe mbele yao, bwana harusi. Mtoto huyo anasadiki macho."

Nilikwenda nikaketi kwenye benchi la gredi ya pili, magoti yakinifika kifuani. Nilikunywa taratibu, mbele ya mdogo wangu, hadi mwisho. Kisha nikakipindua kikombe juu ya meza. Watoto waliangua kicheko, na mmoja akaniita mlafi. Mdogo wangu hakucheka.

"Na aliye nyuma yako?"

"Ana chake. Hapa kila mtu ana chake."

Alizungusha macho mezani, kikombe kwa kikombe, kama anayehakikisha. Kisha akanywa. Alipofika kwenye vidole viwili alisita, akanitazama. Akakiinua tena, na wenzake wakainua vyao.

Alipomaliza alifuta ukingo kwa kidole gumba, pande zote, akanikabidhi kikombe kitupu.