Wimbo wa Wafu wa Mwalimu Noti

Katikati ya mazoezi, Mwalimu Noti aligundua kwamba vita vyake vina kasoro moja kubwa: hakuna aliyetaka kubaki hai.

Mwanzoni kila mtoto alitaka kuwa jenerali. Darasa zima la tano likawa na majenerali watupu na askari wa kawaida mmoja tu, tena huyo alikuwa na mafua. Lakini siku ambayo msichana mmoja alipigwa risasi ya kuigiza, akapepesuka, akashika kifua, akawaaga wazazi wake kwa majina, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, darasa likaona kumbe utamu wenyewe uko huku. Majenerali wote wakajiuzulu, wakaomba kufa.

"Mtakufa kwa zamu!" Mwalimu Noti akafoka. "Na ukishakufa umekufa. Sitaki kuona maiti inajikuna."

Jina la Noti alipewa na wanafunzi kwa sababu alikuwa mwalimu wa muziki, na kwa sababu noti zote alizowahi kuwa nazo zilikuwa za muziki. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, rula mkononi, kalamu nyweleni. Muda wake wa kustaafu ulikuwa umebisha hodi, ila mwalimu mkuu hakuwa na ubavu wa kumkumbusha. Kubembeleza hakukujua. Mtoto akiimba nje ya sauti, alimwambia bila kupepesa macho, "Wewe mwanangu fungua mdomo tu, usitoe kitu." Wanafunzi walimwogopa wakiwa wadogo, na walipokua wakawa hawaishi kumsimulia.

Shule ilikuwa na siku yake ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Miaka yote siku hiyo ilikuwa hotuba ya mwalimu mkuu, iliyosomwa juani, mpaka watoto wakaanza kuzirai mmoja mmoja na kuongeza idadi ya majeruhi. Mwaka huu Mwalimu Noti alisema imetosha. Mvalishe mtoto kofia ya mtu, alisema katika kikao cha walimu, na atakuuliza mwenyewe mwenye kofia alienda wapi. Mpe na wimbo, hatausahau hata akitaka. Walimu wenzake walikubali, si kwa kushawishika bali kwa njaa, maana kikao kilikuwa kimeingia saa ya chakula.

Basi darasa likageuka kiwanda cha vita. Vifuniko vya soda vikawa nishani. Masizi yakawa sharubu, na wasichana ndio waliochora zilizonona zaidi. Kofia za chuma zilitoka jikoni, na ndipo mpishi wa shule alipokuja mbio, mikono imejaa unga.

"Mwalimu, leo nipikie wapi? Kichwani kwa huyu?"

"Pikia kwenye karai. Tuko vitani."

"Hata vitani watu wanakula!"

"Nenda zako, bwana, unanivurugia kwaya."

Kwaya ndiyo ilikuwa roho ya jambo lote. Mwishoni mwa mchezo, askari wote wakishakufa, msichana mmoja alitakiwa kupuliza wimbo mfupi kwa tarumbeta la shule, lile lenye kishimo ubavuni, na kwaya ipokee. Wimbo huo Mwalimu Noti aliurithi kwa baba yake.

Baba yake alipigana vita vile vilivyokuwa vikikumbukwa shuleni, akarudi mzima, na hakuvisimulia hata siku moja. Ila kila jioni, akisubiri chakula, alikaa mlangoni, akabana midomo kana kwamba ameshika tarumbeta, akautoa wimbo ule taratibu. Bintiye alimwuliza mara moja, "Baba, huo wimbo wa nini?"

"Tulikuwa tunawapigia wenzetu."

"Wako wapi wenzenu?"

"Wamelala."

Mtoto mwenye akili anahitaji nini zaidi? Akajua baba yake ndiye aliyepiga tarumbeta la maziko, aliyewasindikiza mashujaa. Akakua na jambo hilo, akasomea muziki kwa ajili yake, na baba alipofariki akautungia wimbo ule maneno: *Laleni salama, laleni wapenzi.*

Tatizo lilikuwa shangazi. Huyu alikuwa dada mdogo wa marehemu, mwanamke wa umri mkubwa, macho yamechoka lakini ulimi mpya kabisa. Kila ukoo ulipokutana, mtu akimtaja marehemu na tarumbeta lake, shangazi aliguna. "Tarumbeta gani? Kaka yangu alikuwa mpishi. Alienda vitani na upawa, akarudi na upawa." Watu walivunjika mbavu. Mwalimu Noti aliwahi kumnunia mwaka mzima kwa neno hilo, na lilimuuma kuliko alivyoonyesha, maana utotoni wenzake walimwimbia barabarani, mtoto wa mpishi, mtoto wa mpishi, naye akarudi nyumbani na pua inatoka damu, ya kwake na ya wengine.

Sasa alikuwa amewapata wazee wanne wa kikosi cha baba yake, nao wamekubali kuja shuleni. Angeweza kuwauliza pembeni mapema. Aliogopa, huo ndio ukweli. Aliona heri wausikie wimbo wenyewe, waseme wenyewe mbele ya watu kwamba huyo ndiye mpiga tarumbeta wetu, na shangazi awe amekaa pale pale, safu ya mbele, na huo ulimi wake.

Siku ikafika. Wazee waliketi kwenye viti vya walimu. Mmoja alikuwa kiziwi, wa pili alisinzia kabla ya dua kwisha, wa tatu alikuwa akimweleza yule kiziwi kila kitu kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Wa nne, sajini mstaafu mwenye fimbo, aliwatazama askari wenye sufuria vichwani kwa uso mkavu.

Vita vilikwenda vizuri, yaani watu wengi walikufa. Wengine walikufa vizuri mno mpaka rula ikabidi itingishwe nyuma ya pazia. Mwishowe jukwaa zima likajaa miili, na msichana wa tarumbeta akasogea mbele akapuliza.

Mzee aliyelala aliamka. Akainuka wima, mkono mmoja mbele, kiganja juu. Yule kiziwi, sijui aliusikia kwa wapi, naye akainuka akamfuata nyuma, na wa tatu nyuma yake. Wakapanga foleni. Kisha, kwaya ilipofungua mdomo na *laleni salama*, wazee watatu wakaifunika kwa sauti za chuma chakavu:

*Leteni sahani, leteni vijiko!*

Shule yote ililipuka. Mwalimu mkuu alijificha nyuma ya hotuba yake.

"Si nilisema?" shangazi akapaza sauti, anapiga mapaja. "Jamani, si nilisema? Huo ni wa chakula!"

Mwalimu Noti alisimama kando ya jukwaa na rula yake. Alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amewafundisha watoto wa watu, kwa nyuso za huzuni, wimbo wa kuitana kwenye sufuria.

Kicheko kilipoanza kupungua ndipo watu wakaona kwamba sajini hakuwa kwenye foleni. Naye alikuwa amesimama, lakini kofia ameivua, ameibana kifuani.

"Nani kawafundisha hawa?" akauliza.

"Ni mimi, mzee. Nilifundishwa na baba yangu."

"Baba yako alikuwa nani kikosini?"

Mwalimu Noti alimtazama shangazi. "Alikuwa mpishi," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo.

Sajini akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. "Mpiga tarumbeta wetu aliuawa mapema kabisa. Kumzika, hakuna wa kumpigia. Baba yako akaliokota lile tarumbeta. Alijua wito mmoja tu, huu wa chakula, sababu ndio aliokuwa akiupiga kila siku jikoni kwake kwa tarumbeta la kuazima. Basi akaupiga huo kaburini. Tulicheka, mwanangu. Mungu atusamehe, tulicheka tukiwa na makoleo mikononi. Maziko ya pili tulicheka kidogo. Baadaye hatukucheka tena. Tuliwazika wote kwa wimbo huo, na jioni akaupiga tena, tukaenda kula. Ndiyo maana wenzangu hawa wanashika sahani na mimi navua kofia. Mpaka leo hatujakubaliana."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Hilo la kuzika mimi sikulijua," akasema, pole pole, kama anayejisemea mwenyewe. "Kaka hakuniambia."

Machozi yakamtoka Mwalimu Noti mbele ya shule nzima, naye hakuyafuta.

Kutoka jukwaani, maiti mmoja akanyanyua kichwa chenye sufuria. Alikuwa amelala chini kwa nidhamu muda wote, lakini mambo yalikuwa yamemchanganya.

"Mwalimu," akanong'ona, "kwa hiyo tuamke tukale, au tubaki tumekufa?"

Mwalimu Noti aliwatazama wote waliolala pale, wadogo, sharubu zimewachafua mashavu.

"Amkeni," akasema. "Amkeni wote, wanangu. Hata mmoja asibaki chini."